Meno Hayaoti Mara ya Tatu

Mkulima hodari akiona fukusi mmoja katika gunia la mahindi, hangoji mpaka gunia zima ligeuke vumbi. Huyamwaga mahindi yale, huyaanika, huyatia dawa, kisha huyaweka mahali pakavu. Lakini mkulima huyo huyo akiona tundu dogo jeusi katika gego lake, husema kwamba halimwumi, basi halina neno. Karani naye, ambaye hawezi kuliacha kosa moja katika barua ya mkubwa wake, huona damu katika mswaki wake kila asubuhi na kushika njia ya kazini kana kwamba hakuona kitu. Wote wawili hungoja maumivu ndipo wamtafute daktari, na maumivu yakiisha kufika, kazi ya kuliokoa jino huwa ngumu, au haiwezekani tena. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mwaka 2015 afya ya kinywa ilichunguzwa katika Kenya. Karibu watu wazima wote waliopimwa, 98 hivi katika kila 100, walionekana kuwa na ufizi unaotoka damu, na mtu mzima 1 katika kila 3 alikuwa na meno yaliyooza. Kwa watoto, 1 hivi katika kila 4 alikuwa na meno mabovu. Basi magonjwa haya si ya watu wachache wavivu. Ni magonjwa ya kila nyumba. Jambo la kutia moyo ni kwamba mengi yake yaweza kuzuiwa, na vyombo vya vita hivi ni mswaki, dawa ya meno, na dakika mbili asubuhi pamoja na dakika mbili usiku.

Jinsi jino linavyooza

Binadamu hupewa meno mara mbili tu. Meno ya utoto ni 20, nayo huanza kutokeza mtoto afikapo miezi sita hivi. Meno ya ukubwa ni 32, na magego ya mwisho huchelewa mpaka mtu awe na miaka 17 au zaidi. Baada ya hayo hakuna mengine. Jino la ukubwa liking'olewa huacha pengo, na meno ya jirani huanza kuinamia pengo lile kama nguzo za ua ambao nguzo moja imeondolewa.

Tangu zamani watu wa nchi nyingi waliamini kwamba jino huliwa na mdudu mfano wa funza. Huko Ulaya wagonjwa walifukizwa moshi wa mbegu zilizochomwa, na vipande vyeupe vya mbegu vilivyosalia wakaambiwa ndio funza waliotoka. Mwaka 1728 tabibu Mfaransa, Pierre Fauchard, aliandika katika kitabu chake kwamba alimtafuta mdudu huyo asimwone. Mwaka 1890 Mmarekani aliyefanya kazi mjini Berlin, Willoughby Miller, alieleza sababu ya kweli, na maelezo yake ndiyo msingi wa elimu ya meno hata leo.

Sababu yenyewe ni hii. Juu ya kila jino hujijenga utando laini unaoitwa ukoga. Mtu akipitisha ukucha juu ya jino lake asubuhi kabla ya kupiga mswaki, atauona. Ukoga si mabaki ya chakula tu. Ni makao ya vijidudu vingi mno, vidogo hata macho hayawezi kuviona. Mtu akila sukari, vijidudu hivyo hula pamoja naye, na vikiisha kula hutoa asidi. Asidi hiyo hulainisha gamba gumu la nje la jino, ambalo ni gumu kuliko mfupa wowote mwilini. Mate huja kuisafisha asidi na kulirudishia gamba madini yake, lakini kazi hiyo huchukua nusu saa au saa nzima. Asidi ikija mara nyingi kuliko mate yanavyoweza kutengeneza, hutokea doa jeupe, kisha tundu. Tundu likilipita gamba, huifikia sehemu laini ya ndani, na mwishowe hufika penye mishipa ya fahamu. Hapo ndipo mtu hulia usiku.

Basi aliyesema jino huliwa na mdudu hakukosea sana; alikosea kumdhania mdudu kuwa mmoja na mkubwa, na kudhani kwamba aweza kutolewa kwa moshi.

Sukari, na hesabu ya siku

Watu wengi hudhani kwamba jambo kubwa ni wingi wa sukari. Wingi una madhara yake, lakini kwa meno jambo kubwa zaidi ni idadi ya mara ambazo sukari huingia kinywani. Chukua mfano wa karani ambaye hunywa chai ya sukari saa kumi na mbili asubuhi, chai na mandazi saa nne, soda saa saba, peremende mbili saa tisa, na chai tena jioni. Kila mara meno yake hukaa katika asidi kwa muda wa nusu saa au zaidi. Na akiiweka soda juu ya meza na kuinywa kidogo kidogo kwa saa mbili, vita vya meno yake haviishi saa zile zote mbili. Mwenzake atakayeinywa soda ile ile pamoja na chakula cha mchana atakuwa amepigana vita vimoja tu.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu za chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko vya chai 12. Shirika hilo lilisema tena kwamba ni heri kushuka hata gramu 25, yaani vijiko 6. Soda moja ya chupa ndogo huwa na vijiko saba au vinane. Anywaye vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha kutumia vijiko tisa kabla ya kula kitu kingine chochote kitamu.

Hakuna haja ya kuacha chai. Yafaa kupunguza kijiko kimoja, na baada ya majuma mawili kupunguza kingine. Ulimi huzoea upesi. Yafaa tena vitu vitamu viliwe wakati wa mlo, wala si kati ya mlo na mlo. Mtu akiona njaa saa nne, karanga, yai, maziwa yasiyotiwa sukari au kipande cha nduma ni chakula chema kwa meno na kwa mwili. Maji safi ndicho kinywaji kisichodai malipo baadaye.

Namna ya kupiga mswaki

Wako watu ambao hupiga mswaki kila siku kwa miaka 20 na bado meno yao huharibika, kwa sababu husugua meno ya mbele yanayoonekana watu wakicheka, na magego huyaacha. Wengine husugua kwa nguvu kama wanaosugua sufuria iliyoungua, mpaka ufizi ukarudi nyuma na shina la jino likabaki wazi.

Mswaki uwe laini. Uwekwe mahali ambapo jino na ufizi hukutana, ukiinamishwa kidogo kuelekea ufizi, kisha uchezeshwe polepole kwa mizunguko midogo, meno mawili matatu kwa wakati mmoja. Isafishwe sehemu ya nje, sehemu ya ndani, na sehemu ya juu inayotafuna, bila kuruka jino. Kazi yote ichukue dakika mbili. Mwisho ulimi nao upitishwe mswaki, kwa kuwa harufu mbaya ya kinywa mara nyingi hutoka huko.

Saa iliyo muhimu kuliko zote ni ya usiku kabla ya kulala. Mtu alalapo mate hupungua, na mlinzi akilala mwizi hufanya kazi yake kwa raha. Baada ya mswaki wa usiku kisiliwe kitu tena, wala kisinywewe kitu ila maji.

Dawa ya meno iwe ile yenye floraidi, nayo huandikwa ubavuni mwa kasha. Floraidi hulisaidia gamba la jino kuyashika tena madini yake. Kwa watu wazima kipimo kinachofaa ni kati ya 1000 na 1500, kama kinavyoandikwa katika makasha mengi. Akiisha kupiga mswaki, mtu ateme povu lakini asisukutue kwa maji mengi, maana akifanya hivyo huiosha dawa kabla haijafanya kazi. Kila mtu awe na mswaki wake, na ubadilishwe kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi ikiwa nywele zake zimelala.

Mti uliolipa jina lake

Neno mswaki lenyewe lilikuwa la mti kabla halijawa la kifaa cha dukani. Mti huo, ambao wataalamu huuita Salvadora persica, huota katika nchi kavu, nao wapatikana pwani, Turkana, Baringo na penginepo. Kijiti chake kikitafunwa ncha hugeuka nyuzi nyuzi, na maji yake huwa na ukali kidogo ambao hupunguza vijidudu. Wazee wengi walifika uzeeni na meno yao kwa sababu ya kijiti hicho.

Asiye na mswaki wa dukani asione haya kutumia mti. Lakini autumie kwa utaratibu ule ule: nje, ndani, na juu, na magego yasisahauliwe. Kijiti kikatwe kipya mara kwa mara. Tena, kwa kuwa kijiti hakina floraidi ya kutosha, atakayeweza kupata dawa ya meno hata kidogo na aitumie pamoja nacho. Jivu, mchanga na makaa yaliyosagwa si badala ya dawa. Hung'arisha jino leo kwa kulikwangua, na gamba likiisha kukwanguliwa halioti tena.

Damu katika ufizi

Ufizi wenye afya hautoki damu. Ukitoka damu, mtu huogopa na kuacha kupasugua mahali pale, na kwa kufanya hivyo huuongeza ugonjwa. Damu ni dalili kwamba ukoga umekaa penye mpaka wa jino na ufizi. Ukisafishwa vema kila siku, mara nyingi damu hukoma katika majuma mawili. Lakini ukoga ulioachwa muda mrefu huwa mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauwezi kuuondoa. Daktari wa meno ndiye atakayeukwangua. Usipoondolewa, ufizi na mfupa hulegea, na meno mazima yasiyo na tundu hata moja huanza kucheza na kuanguka.

Wenye ugonjwa wa kisukari wajihadhari zaidi, kwa kuwa kisukari huzidisha ugonjwa wa ufizi, na ufizi mbovu nao hukifanya kisukari kiwe kigumu kutawaliwa. Wanawake wenye mimba vilevile huona ufizi ukivimba upesi. Wao waendelee kupiga mswaki, na waweza kutibiwa meno bila hofu iwapo watamwarifu daktari hali yao. Na mvuta sigara au mtafuna tumbaku ajue kwamba tumbaku huharibu ufizi na huweza kuleta saratani ya kinywa. Kidonda cha kinywani kisichopona katika majuma mawili kionyeshwe kwa daktari.

Maji ya Bonde la Ufa

Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs katika Marekani, akashangaa kuona wenyeji wana madoa ya kahawia menoni. Alishangaa zaidi alipogundua kwamba meno hayo hayakuoza upesi. Alitafuta sababu kwa miaka mingi, na mwaka 1931 ikajulikana kuwa ni floraidi iliyomo katika maji. Kutokana na habari hiyo, mji wa Grand Rapids ulianza mwaka 1945 kutia floraidi kidogo katika maji yake, na katika watoto waliozaliwa baadaye kuoza kwa meno kulipungua kwa zaidi ya nusu.

Katika Bonde la Ufa shida ni kinyume chake. Ardhi ya miamba ya volkano hutia floraidi nyingi katika maji ya visima, hasa pande za Nakuru, Naivasha na Gilgil. Kidogo hulinda, kingi hudhuru. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwa yangali yakijengwa ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hata miaka minane hivi, huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia, na yakizidi huvunjika. Katika uchunguzi ule wa 2015, watoto wapatao 4 katika kila 10 walikuwa na alama hizo. Floraidi nyingi zaidi, ikinywewa kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa.

Madoa hayo hayaondoki kwa kusuguliwa, wala si uchafu. Mtoto asichekwe wala asipigwe kwa ajili yake. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, bali huizidisha, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Dawa iliyo rahisi ni kukinga maji ya mvua kutoka paa la mabati, na kuyaweka hayo kwa ajili ya kunywa na kupikia chakula cha watoto. Viko pia vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambavyo hushika floraidi. Magadi yanayotiwa katika maharagwe nayo huwa na floraidi, basi yafaa kuyapunguza.

Watoto wasiteswe

Kuna jambo moja la kusikitisha sana ambalo halina budi kukoma. Mtoto mchanga akishikwa na homa au kuhara, wako watu wanaomfunua ufizi, wakaona vivimbe vyeupe, na kusema kwamba ni meno ya plastiki. Kisha humkata ufizi kwa kisu, ukucha, au njiti ya baiskeli, na kuvitoa. Vitu hivyo si plastiki wala si ugonjwa. Ni chonge za mtoto mwenyewe, zilizokuwa zikingoja wakati wao wa kutokeza. Watoto wametokwa na damu nyingi, wameingiwa na pepopunda na vijidudu vingine, na wengine wamekufa. Aliyepona huweza kukosa chonge zake za ukubwa, au zikaota zimepotoka. Mtoto anayehara ahitaji maji yenye chumvi na sukari ya kipimo yatolewayo na zahanati, aendelee kunyonya, na apelekwe kwa mganga wa hospitali siku ile ile.

Meno ya mtoto yaanze kusafishwa mara jino la kwanza litokezapo. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atiwe dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hata sita kiasi cha punje ya dengu. Mzazi ndiye apige mswaki huo mpaka mtoto awe na miaka saba au minane, maana mikono yake bado haijui kazi. Asilazwe na chupa ya chai au ya maziwa yenye sukari kinywani.

Afikapo miaka sita, gego jipya huota nyuma ya meno yote ya utoto bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulidhania kuwa la utoto na kuliacha lioze, wakitumaini kwamba litatoka jingine. Halitatoka. Hilo ndilo gego la maisha.

Jino likiuma, na jino liking'oka

Anayeumwa jino asitie mafuta ya taa, maji ya betri, wala asiweke aspirini juu ya ufizi. Huunguza nyama na jino halisaidii. Dawa za kuua vijidudu zinunuliwazo dukani huweza kutuliza uvimbe kwa siku chache, lakini chimbuko la usaha hubaki ndani ya jino na uvimbe hurudi. Mtu akivimba shavu au shingo, akawa na homa, akashindwa kufungua kinywa au kumeza, aende hospitali mara moja, usiku au mchana. Usaha wa jino huweza kushuka shingoni, kuziba pumzi na kuua.

Mtoto wa shule akianguka na jino la ukubwa likatoka zima, lisitupwe. Lishikwe upande wa kutafunia, si upande wa shina. Likiwa na vumbi lisuuzwe kidogo kwa maziwa au maji safi bila kusuguliwa, lirudishwe mahali pake ikiwezekana, na mtoto aume kitambaa safi. Isipowezekana, litiwe katika kikombe cha maziwa na lipelekwe pamoja na mtoto kwa daktari wa meno ndani ya saa moja. Wapo wanaotafuna leo kwa meno yaliyookolewa hivyo. Lakini jino la utoto liking'oka lisirudishwe, lisije likaliharibu lile lililo chini yake.

Tundu dogo likionekana mapema huzibwa kwa kikao kimoja. Tundu hilo likiachwa mwaka mzima hudai kung'olewa kwa jino, siku za kazi zilizopotea, nauli ya kwenda na kurudi, na labda mbuzi aliyeuzwa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo kila mwenye nyumba na awachunguze jamaa zake jioni hii penye mwanga: magego ya watoto, ufizi wa mama, na kinywa chake mwenyewe. Atakayeona tundu au damu asingoje maumivu, bali aende hospitali yenye daktari wa meno, na kabla ya kulala kila mmoja ashike mswaki wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kinywa hakuna fundi awezaye kuujenga ukawa kama ulivyokuwa mara ya kwanza.